Uzi: Nyama inayokuzwa bila ng'ombe. Inakuaje, na mbona tangu 2013 haijafika buchani?

#1 MuuzaNyama_Burma
Wadau, salaam. Nauza nyama Soko la Burma hapa Nairobi, huu ni mwaka wa 19. Jumamosi mteja wangu wa siku nyingi, mwalimu, alikuwa anangoja nimkatie kilo mbili za kidari. Akaniambia, "Noa kisu chako ungali nacho, siku hizi nyama inakuzwa kwenye matangi kama pombe." Kijana anayenisaidia kwenye mizani alicheka. Mimi nililala nikiwaza, maana nina watoto wanne wanaosoma kwa hicho kisu.

Nimesoma kidogo nikakuta kwamba baga ya kwanza ya nyama hiyo ililiwa mwaka 2013. Naomba mnisaidie mambo mawili. Inakuaje hasa, tangu mwanzo mpaka sahani? Na ikiwa iliweza kuliwa 2013, mbona mpaka leo siioni Burma, City Market wala Kenyatta Market?

Dai langu, mnipinge mkiweza: kitu ambacho hakijawahi kutembea hakiwezi kuwa nyama. Paja na sarara vinatoka kwa ng'ombe mmoja, chakula kimoja, maji mamoja. Tofauti yake ni kazi. Paja lilitembea, sarara ilikaa tu pale chini ya uti wa mgongo ikipumzika. Nyama ya tangi imefanya kazi gani?

#2 Kijana_wa_Githurai
Si hizi ni zile soya za pakiti? Hizo zilifika kitambo, hata kiosk cha mama yangu zipo.

#3 Hesabu_Kwanza
Hapana, #2. Soya ni mmea uliosukwa ufanane na nyama. Mwenye uzi anauliza kuhusu seli za mnyama mwenyewe, zinazotolewa kwake akiwa hai na kuzalishwa nje ya mwili wake.

Baga ile ilipikwa London, Agosti 2013. Aliyeitengeneza ni Mark Post wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, kwa fedha za Sergey Brin wa Google. Iligharimu kama euro 250,000. Kwa pesa zetu za wakati ule ni karibu shilingi milioni 29, baga moja. Hapo umeshapata nusu ya jibu la swali lako la pili.

#4 Mwanamaabara_Kabete
Asante kwa uzi huu. Nimefanya kazi ya kukuza seli za wanyama miaka mingi. Zangu hazikuwa za kuliwa, zilikuwa za utafiti wa magonjwa ya mifugo, lakini njia ni zilezile.

Mnyama hachinjwi. Daktari humdunga ganzi, akatoa kipande kidogo cha msuli. Ndani ya msuli kuna seli zinazokaa pembeni mwa nyuzi zikingoja. Ng'ombe akiumia, ndizo huamka na kuziba jeraha. Hizo ndizo zinazotafutwa. Kipande huloweshwa kwenye kimeng'enya kinachoyeyusha viunganishi, seli zikaachana, zikawekwa ndani ya chupa bapa ya plastiki yenye maji ya virutubisho: sukari, chumvi, vitamini, asidi amino, na vichochezi vya ukuaji vinavyoiambia seli "gawanyika". Chupa inaingia kwenye kabati la joto, nyuzi 37, joto la mwili.

Ukiangalia kwa hadubini siku ya kwanza unaona vidoa vya mviringo vinavyoelea. Kesho yake vimeshika sakafu ya chupa na kujinyoosha, vyembamba katikati, vimechongoka pande zote mbili, kama mbegu za tango. Kila baada ya siku moja hivi kila seli inakuwa mbili. Chupa ikijaa, unazibandua na kuzigawa kwenye chupa nyingine. Kiwandani zinahamishiwa kwenye matangi ya chuma yanayokoroga polepole.

Zikishakuwa nyingi za kutosha, unapunguza vichochezi. Seli zinaacha kugawanyika, zinajipanga ubavu kwa ubavu na kuungana kuwa mirija mirefu. Hiyo ndiyo nyuzi ya nyama. Post alihitaji nyuzi kama 20,000 kwa baga ile moja, na rangi yake alitia kwa maji ya kiazisukari na zafarani kwa sababu zilikuwa nyeupe-nyeupe.

Na sasa kwako, mwenye uzi. Mirija hiyo ikishikizwa pande mbili inavutana yenyewe. Wakati mwingine unaweka jicho kwenye hadubini asubuhi unakuta nyuzi zinapwita, hakuna ubongo, hakuna neva, zinashtuka tu. Mara ya kwanza kuona nilimwita kila mtu aliyekuwa kwenye korido. Kutembea hazijatembea, lakini usiseme hazijafanya kazi.

#5 Shangazi_Umoja
Mwanangu #4 umeeleza vizuri, hata mimi nimeelewa. Ila picha nilizoona chupa zina maji ya waridi. Hiyo si damu?

#6 Mwanamaabara_Kabete
Shangazi, hiyo ni rangi tu, inaitwa fenoli nyekundu. Kazi yake ni kutupa taarifa. Seli zikila na kutoa uchafu, maji yanageuka kuwa na asidi na rangi inakuwa njano. Ukifungua kabati ukakuta chupa ya njano wakati jana ilikuwa ya waridi, ujue ama seli zimejaa ama bakteria wameingia. Katika vyakula vya kuuzwa si lazima rangi hiyo iwepo.

Lakini suala la damu lina ukweli wake pahali pengine, na sitaki kulificha. Kwa miaka mingi maji hayo yaliongezwa seramu ya ndama aliye tumboni. Ng'ombe mwenye mimba akichinjwa, damu ya kijusi chake hukusanywa, ikachujwa. Ina vichochezi vingi kwa pamoja, ndiyo maana maabara karibu zote huitumia. Wanaotengeneza nyama wamekuwa wakihangaika kuiacha, kwa sababu ya bei, kwa sababu ya uchungu wa jambo lenyewe, na kwa sababu huwezi kusema umemwacha ng'ombe hai huku unategemea ndama wake.

#7 Abu_Sumeya
Hapo #6 umegusa swali ambalo hapa Eastleigh ndilo lingeulizwa kabla ya bei. Damu inayomiminika ni haramu, na kiungo kilichokatwa kwa mnyama aliye hai hukumu yake ni ya mzoga. Sasa kipande cha msuli kimetoka kwa ng'ombe aliye hai, kikalelewa kwenye damu ya kijusi. Mimi nisingekigusa.

Ila tusiseme wanazuoni wamekaa kimya. Februari 2024 kamati ya fatwa ya Baraza la Kiislamu la Singapore ilisema nyama ya seli inaweza kuwa halali ikiwa seli zimetoka kwa mnyama aliye halali na bidhaa ya mwisho haina kitu najisi. Kuna waliotangulia kusema vilevile, ila wao waliweka sharti seli zitoke kwa mnyama aliyechinjwa kisheria. Kwa hiyo hata walioruhusu hawakuruhusu kwa maneno mamoja. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu moja kubwa haijafika: nchi za Waislamu na mitaa kama yetu ni wateja wakubwa wa nyama, na hakuna anayetaka kuagiza shehena kisha imamu aikatae.

#8 Msafiri_wa_Embakasi
Mimi nimeila, jamani. Mwaka 2024 kazi ilinipeleka Singapore, nikasikia kuna bucha inaitwa Huber's inauza. Nikaenda makusudi. Pakiti ndogo iliyogandishwa, kuku amechambuliwa nyuzinyuzi. Nikaipika chumbani na kitunguu na nyanya. Ilikuwa laini, harufu ya kuku ipo, ukitafuna haikupingi kama kienyeji. Ningepewa bila kuambiwa ningesema ni broila. Kwa hiyo #1, ipo na inauzwa. Kabla ya watu wa Nairobi nimekula kuku ambaye hakuwahi kuwa kuku!

#9 Hesabu_Kwanza
Ndugu #8, furaha yako naielewa lakini turekebishe. Bidhaa iliyouzwa Huber's kuanzia Mei 2024 ilikuwa na seli za kuku asilimia 3 tu. Zilizobaki zilikuwa protini za mimea. Ulichokula ni soya ya #2 iliyotembelewa na kuku.

Na bei: gramu 120 kwa dola 7.20 za Singapore, karibu shilingi 700. Kwa hesabu hiyo kilo ni kama shilingi 5,800, na hapo ni asilimia 3 tu. Mwenye uzi, kilo ya ng'ombe kwako ni ngapi?

#10 MuuzaNyama_Burma
650 iliyo na mfupa. Nimepumua kidogo.

#11 Msafiri_wa_Embakasi
Asilimia 3! Basi nimesafiri na hadithi hii miaka yote nikiwasimulia wakwe. Asante kunirekebisha. Lakini Singapore ndiyo ilikuwa nchi ya kwanza kuruhusu, hilo nina hakika.

#12 Hesabu_Kwanza
Hilo ni sahihi, Desemba 2020. Marekani ikafuata Juni 2023 kwa kampuni mbili za kuku, Upside Foods na Good Meat. Israeli Januari 2024, nyama ya ng'ombe. Na barani kwetu, kampuni ya Cape Town iliyoitwa Mzansi Meat ilipika baga yake ya ng'ombe mwaka 2022.

Sababu ya kutofika hapa ni hesabu, sioni nyingine. Vichochezi vya ukuaji hutengenezwa kwa usafi wa dawa za hospitali, na bei yake ni ya dawa za hospitali. Mhandisi mmoja Mmarekani, David Humbird, alichapisha 2021 uchambuzi uliokuta kwamba hata kiwanda kikubwa kingetoa kilo kwa dola 37 hivi. Hiyo ni gharama ya kiwandani, bado gari, bado friji, bado faida ya bucha.

#13 Nyota_ya_Rongai
Mwaka huohuo 2021 shirika la CE Delft la Uholanzi lilipiga hesabu nyingine likasema ifikapo 2030 kilo inaweza kushuka mpaka kama dola 6. Mbona hiyo umeiruka, #12?

#14 Hesabu_Kwanza
Sikuiruka kwa hila. Ile iliagizwa na shirika linalotetea nyama hizi, na imejengwa juu ya "kama": kama vichochezi vitashuka bei mara nyingi sana, kama seli zitakubali kusongamana ndani ya tangi. Humbird alianza na yanayojulikana leo.

#15 Mwanamaabara_Kabete
Wote wawili mnazungumzia bei, lakini bei ni dalili. Adui ni bakteria. Seli ya ng'ombe inachukua kama siku nzima kugawanyika. Bakteria akipata sukari na joto hugawanyika kila dakika 20 au 30. Mmoja tu akiingia jioni, asubuhi tangi ni uji unaonuka. Mwenye pombe hana shida hiyo kwa kiwango hiki, kwa sababu hamira inakua haraka na pombe yenyewe inawaua wageni. Ng'ombe naye ana ngozi, ana kinga, ana ini na figo za kusafisha. Tangi halina hata kimoja. Uchafu wa seli, amonia na asidi ya maziwa, unabaki humohumo ukizisumbua. Ndiyo maana matangi ya seli za wanyama kwenye viwanda vya dawa makubwa yake ni ya lita kama 20,000, huku ya bia yanazidi hapo kwa mbali.

Mwaka fulani nilipoteza kazi ya wiki sita kwa sababu umeme ulikatika usiku, jenereta ikachelewa, na mtu mwenye nia njema akafungua kabati "kuangalia kama ziko sawa". Chupa 40, zote njano. Nilizimwaga mwenyewe kwenye dawa, moja baada ya nyingine. Ukiwahi kufanya hivyo unaelewa kwa nini tani moja ya nyama kwa njia hii ni jambo zito.

#16 Kijana_wa_Githurai
Pole mzee. Lakini kuna kitu hamsemi. Seli inayogawanyika bila kukoma si ndiyo saratani? Mtatulisha uvimbe?

#17 Mwanamaabara_Kabete
Swali zuri na usiaibike kuliuliza. Seli ya kawaida ina kikomo. Mwanasayansi Leonard Hayflick alionyesha mwaka 1961 kwamba seli za binadamu hugawanyika kama mara 40 hadi 60 kisha hukoma. Baadhi ya wanaotengeneza nyama hii hurudi kwa mnyama kuchukua kipande kipya. Wengine hutumia seli zilizovuka kikomo, na hizo ndizo zinazotia watu hofu. Lakini seli ya kuku au ng'ombe nje ya maji yake na joto lake hufa. Inapikwa, inameng'enywa tumboni kama nyama nyingine. Ripoti ya 2023 ya FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, ilipitia hatari moja baada ya nyingine, na nyingi zilikuwa zilezile za vyakula tunavyokula: vijidudu, mabaki ya dawa, mzio.

Nikuongezee. Nairobi tunazijua seli zisizokoma tangu zamani. Vimelea vya ndigana kali, ile inayoletwa na kupe, vikiingia kwenye chembe nyeupe ya damu ya ng'ombe vinaifanya igawanyike bila kikomo. Ukikiua kimelea kwa dawa, chembe inarudi kuwa ya kawaida. Hapa Kabete, kituo kilichoanza 1973 ambacho leo ni ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, wamekuza chembe hizo kwenye chupa miaka na miaka. Kwa hiyo ninaposikia kwamba kukuza seli za ng'ombe ni uchawi wa Wazungu, huwa naumia. Watu wa Uthiru na Kangemi wamekwenda kazini kufanya jambo hilo kila siku na kurudi nyumbani na matatu.

#18 Shangazi_Umoja
Hilo la Kabete sikulijua kabisa. Na tunapita pale kila tukienda Kikuyu.

#19 Mfugaji_Mashuru
Nimesoma uzi wote kimya. Mimi ni wa Kajiado. Ukame ule wa 2020 mpaka mapema 2023, nchi hii ilipoteza zaidi ya mifugo milioni 2. Kwetu boma letu lilikuwa na ng'ombe 64. Walibaki 9. Mwisho mwisho tulikuwa tunawainua kwa mkono kila asubuhi, watu watatu, mmoja kwenye pembe, mmoja tumboni, mmoja anashika mkia. Akisimama anatetemeka, unamshika mpaka apate miguu. Siku asiposimama unajua. Mnunuzi wa Dagoretti alikuwa anatoa bei ambayo nikiandika hapa mtadhani nimekosea tarakimu.

Kwa hiyo mtu akiniambia kuna nyama isiyohitaji mvua, simfukuzi. Namsikiliza. Lakini ng'ombe kwangu ni maziwa ya watoto asubuhi, ni karo ya Januari, ni mahari ya mdogo wangu. Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Kenya ni kavu, mahindi hayakubali, na ng'ombe anageuza nyasi zile kuwa chakula bila bomba wala umeme. Hiyo ndiyo sababu tangi halijafika, #12. Haliwezi kushindana na mnyama anayejilisha mwenyewe.

#20 Nyota_ya_Rongai
Pole sana kwa boma lenu, kaka.

Nina la kuongeza kuhusu umeme. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walikadiria kwamba kama maji ya seli yataendelea kusafishwa kwa kiwango cha dawa, nyama ya tangi inaweza kuchafua hewa mara 4 hadi 25 kuliko ya ng'ombe. Wale wa CE Delft wanasema kinyume chake, mradi umeme uwe safi. Sasa fikirieni: umeme wetu mwingi ni wa mvuke wa Olkaria, maji na upepo wa Turkana. Kama kuna mahali matangi hayo yangefanya kazi bila moshi, ni hapa. Sisemi yaje. Nasema hoja ya umeme mchafu haitugusi kama inavyowagusa wengine.

#21 Abu_Sumeya
Umeme safi unaokatika, kama alivyosema #15.

#22 Kijana_wa_Githurai
Mimi naona ni siasa tu. Italia ilipiga marufuku Novemba 2023, Florida na Alabama Mei 2024. Kama ni ghali na haiwezekani, mbona wafugaji wakubwa wanaikimbilia bungeni? Mtu hapigi marufuku kitu kisichomtisha.

#23 Hesabu_Kwanza
Hapo una hoja, nakubali. Na kwetu ingeunganishwa na kelele za GMO, vyakula vilivyobadilishwa jeni, papo hapo, ingawa si lazima seli hizi zibadilishwe jeni. Marufuku ya GMO ya 2012 iliondolewa na baraza la mawaziri Oktoba 2022, na kesi zikaanza kabla wino haujakauka.

#24 Shangazi_Umoja
Nyie mnabishana tangi, mimi naogopa ya friji. Mnakumbuka Julai 2019, televisheni ilipoonyesha nyama za madukani zinavyotiwa dawa zionekane nyekundu? Miezi mitatu sikununua nyama pahali ambapo sikuona mnyama akining'inia. Nilikuwa nashuka Burma mwenyewe na kikapu. Kwa hiyo tangi likija, naomba nilione kwa macho kama ninavyoona mzoga una muhuri. Nani ataligonga muhuri tangi?

Halafu, #4, mutura je? Matumbo? Au wanakuza msuli peke yake?

#25 Mwanamaabara_Kabete
Msuli na mafuta ndiyo wanayokimbilia, Shangazi. Utumbo una tabaka nyingi za seli tofauti, ni kazi ngumu kuliko sarara. Mutura wako uko salama kwa miaka mingi.

#26 MuuzaNyama_Burma
Nawashukuru wote, nimejifunza kuliko nilivyotarajia. Sasa nirudi kwenye kisu.

Leo asubuhi nilipata paja la ng'ombe wa aina ya Boran, nikalikata nikiwa na maneno ya #4 kichwani. Nyuzi zinaonekana, ni kweli zimejipanga ubavu kwa ubavu. Lakini kati ya nyuzi kuna utando mweupe, kuna mshipa wa damu mwembamba kama uzi wa kushonea, kuna mafuta yaliyoingia yenyewe kama mizizi. Na nundu, nundu ni kitu kingine kabisa, mafuta na nyama vimefumana mpaka huwezi kusema kimoja kinaishia wapi. Mteja wa choma huniuliza nundu kabla hajanisalimia. Tangi linatengenezaje hivyo?

#27 Mwanamaabara_Kabete
Umeweka kidole pale pale, na kwa kweli umetoa sababu nzuri kuliko zetu sote. Ule mshipa kama uzi ndio tatizo. Seli ikikaa mbali na damu zaidi ya kama sehemu mbili za kumi za milimita, inakosa oksijeni na kufa. Ndani ya ng'ombe kila seli ina kimshipa chake jirani. Kwenye tangi hakuna mishipa, kwa hiyo zinakua kwa tabaka jembamba au vipande vidogo, ndiyo maana unaona baga, nyama ya kusaga na kuku wa kuchambua. Wengine wanajenga viunzi vyenye matundu maji yapite katikati. Kipande kinene chenye mfupa, mafuta na utando wake, mimi bado sijakiona.

#28 Hesabu_Kwanza
Bado nasema bei.

#29 Mfugaji_Mashuru
Naomba mnijibu moja. Seli zinatoka kwa mnyama, na kipande ni kidogo kuliko punje ya harage. Mtu akija bomani kwangu akaomba kumdunga Boran wangu, mmoja wa wale 9 waliovumilia ukame, akaondoka na kichupa mfukoni, akazikuza Ulaya miaka 20, mimi ninalipwa nini? Mara moja, au kila kilo?

#30 Nyota_ya_Rongai
Kuna Mkataba wa Nagoya wa 2010 kuhusu kugawana faida ya rasilimali za vinasaba, na Kenya imo. Ila Boran tayari wako Australia, Afrika Kusini na Marekani. Anayetaka seli zake hana haja ya kupiga hodi Kajiado.

#31 Mfugaji_Mashuru
Wale wa Australia hawajapita 2022 ya huku. Hao 9 ni wengine.

#32 MuuzaNyama_Burma
Kaka Mashuru, nitumie ujumbe wa faragha. Ukiwa na madume wa kuuza baada ya mvua, nataka tuzungumze wewe na mimi moja kwa moja.